Mwaka Niliowatembeza Watu Bangkok

Habari ya kifo cha Bi Shamsa niliipata kwa ujumbe wa simu kutoka kwa binti yake, Muzna. Mama ametangulia leo alfajiri, aliandika, wanawake tunakaa msibani nyumbani Qurum kwa siku tatu, baada ya alasiri. Nilikuwa jikoni nakaanga vitunguu vya pilau. Nilizima jiko nikakaa, na binti yangu aliyekuwa akiosha vyombo akaniuliza huyo Bi Shamsa ni nani wetu. Hakuwa jamaa, hakuwa jirani, wala sikuthubutu kumwita rafiki. Nikasema ni mama mmoja niliyekuwa nikimhudumia zamani, nilipofanya kazi Ruwi. Akaitikia, akaendelea na vyombo vyake. Nina miaka arobaini na saba sasa, na wanangu wanajua nilivyoolewa na nilivyorudi kusoma ukubwani, lakini mwaka ule wa Ruwi sijapata kuwasimulia. Nilikotoka na kilichonileta huku Maskati, Omani, nakiacha. Ni hadithi ya watu wengi, na wengine wameieleza vizuri kuliko mimi. Nataka kusema habari za mwaka mmoja tu, nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu, ambapo kazi yangu ilikuwa kuwatembeza watu katika mji wa Bangkok, hali mimi mwenyewe sijawahi kuutia mguu.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vitambaa, si mbali na kituo cha mabasi cha Ruwi, mtaa wa biashara wa Maskati. Chumba kimoja kirefu, meza mbili, kabati la chuma, kiyoyozi kilichodondosha maji ndani ya ndoo, na ukutani picha kubwa ya mto na mahekalu yenye mapaa ya dhahabu. Meneja wetu alikuwa Bwana Kurian, Mhindi wa Kerala, mtu mpole aliyezungumza kwa kunong'ona hata alipokuwa akigombana na watu wa ndege. Wateja wetu wengi hawakwenda Bangkok kustarehe. Walikwenda kutibiwa. Mgonjwa huenda na mkewe, au mama yake, au dada yake, na huyo msindikizaji hujikuta ana wiki tatu au nne za kukaa katika chumba cha hoteli akitazama pazia. Bwana Kurian aliliona hilo. Aliona pia kwamba wengi wa akina mama wale ni watu wa Unguja na Pemba, na wengine wa bara, wanaokijua Kiarabu vizuri lakini wakishikwa na khofu hurudi kwenye Kiswahili kama mtoto anavyorudi kwa mamake. Ndiyo sababu aliniajiri. Kazi yangu ilikuwa kuwaandalia ratiba ya matembezi: asubuhi waende wapi, mchana wapi, wapi watapata chakula cha halali, wasali wapi, na warudi kwa njia gani kabla ya saa ya kumwona mgonjwa.

Wiki ile ile ya kwanza alikuja mama mmoja wa makamo aliyekuwa akimpeleka dada yake. Nilimtandazia ramani mezani, nikamwonyesha bustani, nikamwonyesha soko la maua na gati za boti. Hakuitazama ramani. Alinitazama mimi.

"Weye ushafika huko?"

"Nshafika," nikasema.

Sijui neno lile lilitokea wapi. Nakumbuka tu kwamba mabega ya yule mama yalishuka, akavuta kiti karibu, akaanza kuniuliza habari za maji ya kunywa na mvua. Bwana Kurian, ambaye Kiswahili hakukijua, alitutazama kutoka mezani kwake akatabasamu kwa jinsi tulivyoelewana. Baada ya hapo sikuweza kusema vingine. Kila aliyeuliza alijibiwa nshafika, na kila jibu lilihitaji jingine la kulishikilia, hata nikawa nimekaa Bangkok wiki mbili, nimepata mvua, nimepotea njia mara moja. Ili nisiumbuke, kila aliyerudi kutoka huko nilimkalisha nikamwuliza. Gatini kuna ngazi au daraja? Boti inanuka nini? Ule mtaa wa Waarabu, ukiingia, wauza mikate wako mkono gani? Watu walidhani nawajali. Nami niliwajali, lakini pia nilikuwa nikiwaokotea mji wao kipande kipande, nikaufanya wangu.

Kwa kuwa ofisi za Ruwi zilifungwa saa saba mchana na kufunguliwa saa kumi, na mimi nikikaa mbali, Mabela, saa zile tatu sikuwa na pa kwenda. Bwana Kurian alikwenda kwake kulala. Mimi nilifunga mlango kwa ndani, nikazima taa, nikala chapati na dengu nilizonunua kwenye mkahawa wa Wamalabari chini, juu ya karatasi, ili meza isiingie mafuta. Barabara ilikuwa ikinyamaza kabisa saa zile. Ukisikiliza ungesikia tone la kiyoyozi ndani ya ndoo, na mara moja moja mtu akishusha pazia la chuma la duka. Leo nikipita Ruwi mchana na gari langu, nikaona madirisha yaliyofungwa, huwa nafikiri kuna msichana nyuma ya mojawapo anakula peke yake. Ramani ya Bangkok niliijua kuliko nilivyoijua Maskati. Nilikuwa nikiweka kidole kwenye mto nikaufuata, gati kwa gati, nikijisemea majina yake kwa sauti, kwa sababu mara nyingine ilikuwa inapita nusu siku sijaisikia sauti yangu.

Huko Mabela nilikaa kwa kaka yangu Nassor, katika nyumba mpya iliyokuwa bado inanuka rangi, na nje vifusi vya mchanga ambavyo hakuna aliyepata nafasi ya kuviondoa. Nassor alifanya kazi jangwani kwenye visima vya mafuta, wiki mbili huko, wiki mbili nyumbani, na wiki zake za nyumbani alizilala. Mkewe, Thuraya, alikuwa mtu wa Nizwa, mwema, msafi, mwenye haya. Kiswahili hakukijua hata neno. Tulikula pamoja chini, sinia moja la wali na samaki, yeye na watoto wake na mimi, na mazungumzo yakapita juu yangu kwa Kiarabu cha kwao Nizwa ambacho wakati ule nilikifahamu zaidi ya walivyodhani. Siku moja nilimsikia akizungumza na dada yake kwenye simu, mimi nikiwa koridoni nakunja nguo. "Mgeni wetu hana tabu," alisema. "Humsikii hata kama yumo ndani." Alikuwa akinisifu. Nilirudi chumbani nikaziweka nguo kitandani, nikakaa kando yake, na mpaka leo sifa ile naikumbuka kuliko matusi niliyowahi kutukanwa.

Bi Shamsa na mumewe, Bwana Said, walikuja mwanzo wa kipindi cha baridi. Yeye alikuwa mama mwembamba wa miaka sitini na kitu, amevaa buibui la zamani lisilo na nakshi, na macho makali. Mumewe alikuwa mstaafu wa serikali, mrefu, kanzu yake imepigwa pasi mpaka inasimama, na midomo yake ilikuwa na rangi ya buluu. Moyo ulikuwa unamsumbua. Niliwaamkia shikamoo, na Bwana Said akaniitikia marahaba kwa furaha ya mtu aliyekuwa hajaamkiwa hivyo siku nyingi. Bi Shamsa aliitazama ratiba yangu akasema yeye haendi Bangkok kutembea, anakwenda kukaa na mumewe. Wakabishana kidogo, kwa sauti za chini, kama watu waliobishana miaka mingi bila kuumizana. Kisha wakashuka. Baada ya dakika kumi nikasikia hatua ngazini, za kupumzika kila baada ya vidato vitatu. Bwana Said alikuwa amerudi peke yake.

"Nimemwacha ndani ya gari," alisema. Alikaa mpaka pumzi ikamrudia. "Mwanangu, nisikilize. Daktari wa hapa kanambia maneno ambayo Bi Shamsa hajaambiwa. Mie safari yangu naijua. Nikimwacha akae pembeni ya kitanda atakuwa ananihesabia pumzi. Miaka thelathini na nane tumesafiri Makka na hospitali tu. Mpangie. Kila siku mtoe, arudi jioni ana cha kunihadithia."

"Inshaallah, Bwana Said."

"Weye ushafika, kwa hivyo najua hutompoteza."

Alikuwa amenipa nafasi ya kusema kweli, na chumbani tulikuwa wawili tu. Nikasema, "Nshafika. Hatopotea."

Nilimwandikia Bi Shamsa ratiba ya siku ishirini na moja, kwa mkono, kwa herufi kubwa, na chini nikaweka namba ya simu ya ofisi. Sikutegemea angepiga. Siku ya tatu baada ya kuondoka kwao, saa saba na robo mchana, nikiwa na chapati mkononi, simu ililia gizani. Kwao ilikuwa saa kumi na robo. "Rayya," alisema, bila salamu, "nimeshuka kwenye gati. Mbele yangu kuna njia mbili. Nikate wapi?" Nikaivuta ramani. Nikamwuliza anaona nini mkono wa kulia. Akasema anaona watu wanauza vigwe vya maua ya manjano. Nikamwambia afuate maua hayo. Nilimsikia akitembea, nikasikia pikipiki, nikasikia mwanamke akinadi kitu kwa lugha inayopanda na kushuka kama wimbo. Alipofika sokoni akasema, "Yakhe, hapa asumini wanaiuza kwa ndoo." Tangu siku ile alipiga kila mchana. Nilikuwa nala chakula changu upesi ili nimalize kabla yake. Nikawa nangoja.

Nilimpeleka kwenye mto na kwenye masoko. Nilimpeleka mtaa wa Waarabu akala mikate ya tanuri, akaniambia ni mibaya. Mahekaluni hakuingia, alisimama nje akatazama mapaa, akasema fundi wake alikuwa na subira. Siku moja nilimpeleka bustani kubwa yenye ziwa, ile ya Lumpini, nikamwambia akae kwenye benchi karibu na maji apumzike. Punde nikasikia anavuta pumzi.

"Rayya, hukunambia kama kuna kenge."

"Kenge?"

"Kenge, mkubwa kama mbuzi, anapita mbele yangu anaingia majini. Na kule kuna mwengine. Watu wamekaa tu wanakula. Weye ulipokuja hawakuwepo?"

"Walikuwepo," nikasema. "Nilisahau."

"Haya," akasema. Kisha akaanza kucheka, kicheko kirefu cha ndani ya pua, nami nikacheka naye, peke yangu gizani, juu ya duka la vitambaa. Siku nyingine alipiga na sauti yake haikuwa sawa, nikadhani mgonjwa amezidiwa. Alikuwa amesimama mbele ya muuza matunda. "Kuna shokishoki," alisema. "Kuna doriani, kama kwetu Unguja. Rayya, mwanangu, nimekaa Maskati miaka thelathini sijaona doriani lililofunguliwa hivi, mbele yangu, na kisu." Alikula pale pale, amesimama, na akamfungia Bwana Said kipande ndani ya karatasi tatu. Hotelini wakamzuia mlangoni kwa ile harufu yake kali. Kulikuwa na kibao chenye picha ya doriani lililopigwa mstari mwekundu, jambo ambalo pia sikumwambia. Akaenda nalo hospitali. Sijui alilipitishaje. Aliniambia Bwana Said hakuweza kula, lakini alilinusa, akafumba macho, akataja jina la shamba moja la Unguja ambalo yeye mwenyewe Bi Shamsa alikuwa amelisahau.

Nikitazama nyuma naona kwamba wiki zile zilikuwa za furaha kwangu, na hilo ndilo linalonichoma. Mtu alikuwa anakufa, mkewe hajui, na mimi nikiamka Mabela nilikuwa naamka kwa haraka. Kwenye sinia la chakula cha usiku sikuona tena kuwa mazungumzo yananipita. Nilikuwa na yangu, ya kesho. Nilikuwa na mtu wa kusema naye Kiswahili kila siku kwa robo saa, na mtu huyo alinihitaji ili ajue akate kushoto au kulia.

Katika wiki ya tatu nilimpeleka mbali kuliko siku zote, kisiwa kidogo juu ya mto ambako watu hufinyanga vyungu. Alitaka kuviona. Alipiga saa nane na nusu mchana, na kwao jua lilikuwa linakaribia kuzama.

"Mkalimani wa hospitali kanipigia simu," alisema. Alikuwa anahema. "Bwana Said kabadilika hali. Wanataka kumwingiza chumba cha upasuaji leo leo. Wanasema nije sasa hivi. Nimeshavuka, niko gatini. Kuna teksi hapa, mtu ananiita."

"Usipande teksi, Bi Shamsa. Saa hizi njia zimejaa magari, utakwama. Ngoja boti. Boti ina bendera, inapita mpaka baada ya magharibi."

"Una hakika?"

"Mie mwenyewe nilirudi nayo saa kama hizi."

"Haya," akasema.

Simu ikakatika. Nilibaki na kidole juu ya ramani, pale pale gatini, nikimfuata mtoni. Nilihesabu gati alizopaswa kuzipita. Saa kumi Bwana Kurian alifungua mlango akawasha taa, akaniuliza mbona nimekaa hivyo.

Siku ya pili hakupiga. Ya tatu alikuja Muzna, binti yao, msichana wa umri wangu, macho yamevimba, kuja kubadilisha tiketi. Baba yake alikuwa amefia katika upasuaji. Bwana Kurian alishughulikia safari ya maiti kwa ile sauti yake ya kunong'ona, na mimi niliandika majina mahali nilipoambiwa niandike. Muzna alipoondoka nilichukua simu, nikapiga Bangkok kwa watu wa boti, nikauliza kwa Kiingereza changu kibovu. Boti ya mwisho ya gati ile hupita mapema. Wakati Bi Shamsa ananipigia ilikuwa imekwisha kupita.

Bwana Said alizikwa Maskati, na siku ya pili ya msiba nilichukua teksi mpaka Qurum. Barabara za kule ni pana, hakuna anayetembea kwa miguu, na nyumba zao ziko nyuma ya kuta nyeupe. Geti lilikuwa wazi. Niliona viatu vya wanawake vimejaa barazani, nikasikia ndani mtu anasoma Kurani. Nilisimama pale, teksi imeshaondoka. Kisha nikageuka nikatembea chini ya jua mpaka barabara kuu, mwanamke peke yake kando ya magari, na kila gari lililopita nilidhani limejaa watu wanaonijua.

Bi Shamsa alikaa eda miezi minne na siku kumi. Siku hizo zote niliendelea kusema nshafika. Ningetaka kuandika kwamba niliacha, lakini sikuacha. Nilikuwa nimezoea, na watu walikuwa wanashusha mabega yao. Kisha asubuhi moja nikasikia hatua ngazini, akaingia yeye, amekonda zaidi. Bwana Kurian akasimama, akamvutia kiti, akatoka kwenda kuagiza chai, na nadhani alitoka makusudi.

"Weye hujapata kufika Bangkok," alisema.

"Sijapata."

Alitikisa kichwa polepole. Nikamwuliza amejua tangu lini.

"Tangu siku ya kenge. Aliyefika bustani ile hawezi kuwasahau. Nilimhadithia Bwana Said, akacheka mpaka mashine ikalia na muuguzi akaja mbio. Akasema, mwache, anaisoma ramani kuliko waliofika."

"Ulijua," nikasema, "na siku ile ukanisikiliza?"

"Nilikuwa nna khofu. Mtu mwenye khofu humsikiliza mwenye hakika." Alikuwa ameweka mikono yake juu ya meza, juu ya ramani. "Ulisema, mie mwenyewe. Neno lile ndilo lililoniweka pale. Nilikaa kwenye benchi la gati karibu saa nzima. Yule wa teksi akaondoka. Jua likazama, nikasali pale pale kwa kukaa. Akaja mzee anafagia, akanionyesha kwa mikono kuwa boti hakuna. Nilipofika hospitali walikuwa wameshamwingiza. Mkalimani kanambia aliuliza mara mbili, keshakuja? Wakamwambia yuko njiani. Akasema, basi leo atakuwa na mengi ya kunihadithia. Ndo wakampeleka."

Nilianza kulia. Akaninyooshea kidole.

"Usilie. Sikuja kukutazama ukilia. Sijakusamehe, Rayya. Katika eda nilikuwa na wasaa wa kujaribu kila siku, nimejaribu, sijaweza. Nimekuja kwa sababu akina mama bado wanapanda ngazi hizi."

Chai ililetwa akanywa yote. Kisha akaniamuru niitoe ratiba yangu, akaipitia mstari kwa mstari na kalamu. Hapa kuna ngazi za kuvunja miguu. Hapa choo hakuna. Hapa mwanamke peke yake asipite jioni. Kwenye boti aliandika kwa mkono wake: saa ya mwisho uliza pale pale, usimwamini mtu aliye mbali. Alipomaliza alinitaka nimweleze Bwana Kurian mbele yake, kwa Kiarabu. Nikaeleza uongo wangu wote. Bwana Kurian alisikiliza, akaivua miwani yake, akaifuta muda mrefu, akasema angenifukuza kama angejua la kumjibu mama huyu, aliyekwisha sema atarudi kesho.

Na kesho yake alirudi. Akawa anakuja Jumatatu na Jumatano, dereva wake anamshusha chini, anakaa kiti cha pembeni ya meza yangu na mkoba wake mapajani. Mteja akiniuliza kama nimefika, nilisema sijafika, na neno lile lilikuwa gumu kila mara kama lilivyokuwa la kwanza. Mabega yao hayakushuka. Wengine waliinuka. Lakini Bi Shamsa alikuwa akisema, "Mie nimefika. Niulize mie." Akawaambia habari za mvua na mikate mibaya na doriani na kibao cha hotelini. Aliwaambia wasiache kutoka, wende wakaone, mgonjwa anapenda kuhadithiwa. Kisha aliwaambia waulize daktari maneno yote, wasikubali kufichwa, na simu isikae mbali. Mama mmoja kijana alimwuliza kama mumewe alipona. "Hakupona," alisema. "Lakini alijua rangi ya mto." Mimi nilikuwa naandika tu. Bi Shamsa mwenyewe hakunisemesha ila kuhusu kazi, na saa saba ilipofika aliondoka, nikafunga mlango, nikazima taa.

Baada ya kama miezi miwili hivi, siku ya Jumatano, alisimama mlangoni akasita.

"Ijumaa unakula wapi?"

"Mabela, kwa kaka yangu."

"Na nani?"

"Na wifi na watoto. Kaka akiwepo, naye."

"Mnazungumza nini?"

Alinitazama kwa yale macho yake mpaka nikatazama chini.

"Njoo kwangu Ijumaa hii. Dereva atakuja kukuchukua."

"Bi Shamsa, mie sistahiki."

"Sikukwambia nimekusamehe. Nimekwambia njoo ule."

Nikaenda. Alikuwa amepika mwenyewe mchuzi wa samaki wa nazi na wali, mchicha, na embe mbichi ya pilipili, na Muzna na mumewe walikuwepo, na mezani watu walizungumza Kiswahili wakikatizana, mara Kiarabu, mara tena Kiswahili, kuhusu bei ya kiwanja na harusi ya mtu na nani aliyeharibu mashine ya kufulia. Kiti cha Bwana Said kilikuwa na mtu. Mtoto wa Muzna alikalishwa juu yake kwa mito miwili. Hakuna aliyetaja Bangkok. Niliporudi Mabela jioni ile Thuraya aliniuliza kwa haya yake kama chakula kilikuwa kizuri, nami nikamjibu kwa Kiarabu, sentensi nyingi, mpaka akashangaa, akakaa kunisikiliza. Ilikuwa mara ya kwanza tunazungumza wawili. Nafikiri alikuwa amenisubiri muda mrefu, na alikuwa mpweke katika nyumba ile kama mimi, na mimi sikumwona kwa kuwa macho yangu yalikuwa kwenye ramani ya mbali.

Mwaka uliisha nikaacha kazi, nikaenda kusoma, kisha nikaolewa. Ijumaa za Qurum ziliendelea miaka kadhaa, halafu zikawa za mara moja kwa mwezi, halafu za sikukuu tu, kama mambo yanavyokuwa watu wakizaa na kuhama. Kila nilipokwenda nilidhani leo atasema. Mara moja tulibaki wawili jikoni, anamenya ndimu, nikamwambia, "Bi Shamsa, lile jambo." Akasema, "Nipe lile bakuli." Nikampa. Sikuuliza tena.

Nilikwenda msibani siku ya pili. Nilivua viatu nikaingia, nikakaa ukutani kati ya wanawake nisiowajua. Kahawa na tende zilipita. Mama mmoja alikuwa akimwambia mwenzake kwamba marehemu aliwahi kuuzunguka mji mzima wa ng'ambo peke yake, Kiingereza hajui, na alirudi anawafundisha watu njia. Watu walipopungua, Muzna alikuja akapiga magoti mbele yangu, akanishika mikono miwili. Amezeeka, na macho ni ya mama yake.

"Bi Rayya, tunawaomba wote waliokaa na mama. Kama alikukosea kwa neno au kwa kitendo, msamehe."

"Nimemsamehe," nilisema. "Dunia na akhera." Ndiyo maneno yanayosemwa, na niliyasema, nikaona jinsi nilivyoachwa peke yangu na kosa langu, kwa kuwa aliyekuwa na uwezo wa kuniambia maneno hayo alikuwa amezikwa jana. Muzna alikuwa anainuka. Nikamzuia mkono.

"Muzna, mama aliwahi kusema chochote juu yangu? Chochote?"

Alifikiri kwa dhati, kama mtu anayetaka kusema kweli.

"Alikuwa akisema unakula kidogo," alijibu. "Kila ukiondoka. Alisema, yule akija mzidishieni, mwenyewe hatoomba."

Akaenda jikoni, akarudi na sahani ya wali, imejaa mpaka ukingoni, akaniwekea mbele. Wanawake waliobaki walikuwa wamekwisha kula. Nikanawa, nikala, na Muzna akakaa karibu yangu mpaka nilipomaliza.